Kiunzi cha bembea ya kulalia

Kiunzi cha bembea ya kulalia ni umbo la mbao linalosimama lenyewe na kushikilia ncha mbili za bembea ya kitambaa au ya wavu. Hufaa ndani ya nyumba ambamo kuta haziwezi kutobolewa au si imara vya kutosha kubeba kulabu.

Asili ya bembea

Bembea ya kulalia ilianzia kwa wenyeji wa Amerika. Christopher Columbus aliikuta mwaka 1492 katika visiwa vya Karibi, na jina lake katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na neno la Wataino wa huko. Baadaye mabaharia wa Ulaya waliitumia kulalia melini.

Mvuto wa kamba

Bembea haivuti kwenda chini tu. Huvuta pia ncha zote mbili za kiunzi kuelekea ndani. Kamba zikiinama kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa mlalo, kila upande huvutwa kwa nguvu sawa na uzito wote wa mlalaji. Kwa mtu wa kilogramu 80 mvuto huo ni sawa na kilogramu 80. Kwa nyuzi 15 hufikia karibu kilogramu 155, na kwa nyuzi 10 karibu 230. Hivyo kadiri bembea inavyokazwa, ndivyo kiunzi kinavyoelemewa.

Muundo

Muundo rahisi una jozi mbili za miguu, kila jozi ikiwa na umbo la herufi A, zilizounganishwa juu kwa boriti moja ndefu. Boriti hiyo huzuia jozi zisivutwe ndani. Mbao za mshazari kati ya boriti na miguu huunda pembetatu zinazozuia kiunzi kuyumba.

Viungo hufungwa kwa bolti, nati na washa, kwa kuwa misumari hulegea kwa mtikisiko. Mbao ziwe kavu, zisizo na nyufa wala vifundo vikubwa. Vipande vya mpira chini ya miguu huzuia kuteleza kwenye sakafu ya vigae.

Usalama

Kabla ya kutumiwa, bembea hupakiwa magunia ya mchanga kidogo kidogo hadi kupita uzito wa mlalaji, huku viungo vikikaguliwa. Bembea ikining'inizwa chini, kimo cha kiti hivi, madhara ya kuanguka hupungua. Bolti hukazwa upya mara kwa mara, kwa sababu mbao husinyaa zinapoendelea kukauka.