Onyo Lisilofika Usukani

Merikebu kubwa ni kama mji: wakaao humo hawaonani, na kila mmoja hutegemea kupashwa habari na mwenziwe. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Titanic ilikuwa na simu ya waya itokayo dungu la mlingotini hadi chumba cha usukani. Saa 5.40 baharia Frederick Fleet aliona mlima wa barafu; akagonga kengele mara tatu, akapiga simu, naye ofisa James Moody akaitika. Waya ule ulitimiza kazi yake, lakini wakati ulikuwa umekwisha.

Kumbe saa mbili hivi kabla yake, mtambo wa simu ya upepo ulikuwa umepokea onyo la barafu kutoka merikebu Mesaba. Habari za mtambo huo zilichukuliwa kwa mkono. Fundi alishughulika na salamu za abiria, na maofisa walionusurika walishuhudia kwamba karatasi ile hawakuiona.

Onyo lilivuka bahari, likashindwa kuvuka hatua chache za sitaha. Watu wapatao 1,500 wakaangamia. Basi tusomapo historia ya vyombo hivi, tusiulize tu waya ulifika wapi. Tuulize pia ni nani aliyepewa wajibu wa kulifikisha neno.