Mtoto amesoma usiku kucha, asubuhi amesahau: vitabu vya wataalamu wa ubongo vinasema nini?

Kila inapokaribia mitihani ya darasa la saba na kidato cha nne, simu za studio hubadilika. Wasikilizaji waliokuwa wakiuliza bei ya mahindi huanza kuuliza habari za watoto. Mama mmoja alituambia hewani kwamba mwanawe anasoma kwa taa ya sola hadi usiku wa manane, lakini akiulizwa asubuhi hana kitu, na shuleni anachapwa kwa kusahau. Baba mwingine aliuliza kama anunue dawa ya maji ya kuongeza kumbukumbu aliyoiona gulioni. Muuzaji alimwambia kuwa dawa hiyo "imo kwenye vitabu vya wataalamu".

Maneno hayo ya muuzaji ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Vitabu vipi? Vimeandikwa na nani? Na kweli vinasema hivyo? Sisi si madaktari wala maprofesa. Kazi yetu ni kusoma, kuuliza na kukueleza kwa lugha unayoielewa.

Fani mbili zinazokaribiana

Saikolojia ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyojifunza, wanavyokumbuka, wanavyohisi na wanavyotenda. Sayansi ya ubongo huchunguza kiungo chenyewe: seli zake, mishipa yake na jinsi sehemu zake zinavyowasiliana. Zamani fani hizi zilikwenda kila moja kivyake. Siku hizi vitabu vingi vipya huzichanganya, maana ni vigumu kueleza kumbukumbu bila kueleza ubongo unaoitunza.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili unapopumzika. Kwa hiyo ule usemi wa mitaani kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo si kweli. Mwili usingelisha kwa gharama hiyo kiungo ambacho sehemu kubwa yake imelala.

Kitabu cha kitaaluma ni kipi?

Si kila kitabu chenye picha ya ubongo kwenye jalada ni cha kitaaluma. Kitabu cha kitaaluma huandikwa na mtu aliyefanya utafiti katika jambo hilo, na kwa kawaida mchapishaji huwapa wataalamu wengine wausome mswada na kuukosoa kabla haujachapwa. Mwandishi analazimika kuonyesha kila dai amelitoa wapi. Vyuo vikuu kadhaa vina mashirika yao ya uchapishaji, kama vile Oxford, Cambridge na Harvard.

Vingine ni vya kufundishia wanafunzi wa udaktari. Kimojawapo kinachojulikana sana ni Principles of Neural Science, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1981. Toleo lake la sita la mwaka 2021 lina zaidi ya kurasa 1,600. Mmoja wa wahariri wake, Eric Kandel, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kuchunguza kumbukumbu katika konokono wa baharini. Vitabu vya aina hii ni ghali. Kimoja kinaweza kufikia bei ya mifuko kadhaa ya mbolea, na vingi viko kwa Kiingereza. Ndiyo maana mtu wa gulioni anaweza kuvitaja bila hofu: anajua hakuna wa kwenda kuvifungua.

Basi tuvifungue vichache.

Kusahau si uvivu

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Alijifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi kilichookolewa alipojifunza upya orodha zilezile baada ya muda fulani. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Baada ya mwezi ilibaki karibu sehemu moja ya tano.

Angalia jambo hilo vizuri. Kusahau huja kwa kasi mwanzoni, halafu hupungua. Ni sawa na maji kwenye ndoo iliyotoboka ubavuni: hutoka kwa nguvu ndoo ikiwa imejaa, kisha yanatiririka kidogo kidogo. Ebbinghaus aligundua pia kwamba kujifunza kwa kugawanya siku kadhaa kunashinda kurundika kila kitu katika siku moja.

Kwa hiyo mtoto aliyesahau asubuhi hakuleta ukaidi. Ubongo wake umefanya kile ambacho ubongo wa kila mtu hufanya. Fimbo haizibi ndoo hiyo.

Mtu aliyeishi bila kesho

Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo. Alikuwa na kifafa kikali kilichomzuia kufanya kazi. Daktari William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya kiungo kidogo kiitwacho hipokampasi. Degedege zilipungua, lakini Henry hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Alikumbuka mengi ya utotoni, ila mtu aliyeongea naye akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alikuwa mgeni kwake.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kwa siku tatu Henry alizidi kuiweza kazi ile, ingawa kila siku aliamini hajawahi kuifanya. Hapo wataalamu wakajua kwamba kumbukumbu ni za aina zaidi ya moja. Kumbukumbu ya matukio na habari inahitaji hipokampasi. Kumbukumbu ya mikono, kama kusuka mkeka au kuendesha baiskeli, hupita njia nyingine.

Henry alifariki mwaka 2008. Mwanasayansi Suzanne Corkin, aliyemchunguza kwa miongo mingi, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 2013. Tunaongeza neno moja kwa ajili ya wasikilizaji wenye ndugu anayeanguka kifafa: ugonjwa huu hauambukizi, na watu wengi hudhibitiwa vizuri kwa vidonge. Usimfiche mgonjwa, mpeleke kituo cha afya.

Kusoma tena au kujiuliza?

Sasa turudi kwa yule kijana wa taa ya sola. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi ya kujifunza. Kundi moja lilisoma habari ile mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likafunika karatasi na kujaribu mara tatu kuandika linachokumbuka.

Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walishinda: walikumbuka asilimia 83, wenzao asilimia 71. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na waliojijaribu walikumbuka asilimia 61.

Roediger na wenzake walieleza matokeo hayo na mengine mengi katika kitabu Make It Stick, kilichochapishwa na Harvard mwaka 2014. Hoja yao kubwa ni kwamba kusoma tena na tena humpa mtu hisia kuwa anajua, kwa sababu maneno yamezoeleka machoni. Kulivuta jambo kutoka kichwani bila kutazama daftari ni kugumu zaidi, na ugumu huo ndio unaolikaza. Mtoto wetu alikuwa akisoma sana kweli, ila hakuwahi kufunika daftari.

Na usingizi je?

Kukesha nako kuna gharama. Tangu mwaka 1924, wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Cornell walionyesha kwamba mtu akilala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko akiwa macho kwa muda uleule. Tafiti nyingi zilizofuata zinakubali kuwa usingizi husaidia ubongo kuimarisha yaliyoingia mchana.

Lakini saa ngapi? Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya Wahadzabe wa hapa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila umeme. Kwa wastani walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Hawa walikuwa watu wazima. Watoto wanahitaji zaidi. Fundisho ni kwamba kabla ya kukubali kanuni moja kwa dunia nzima, ni vizuri kuuliza walipimwa watu gani.

Vitabu navyo hurekebishwa

Swali hilo la nani aliyepimwa limewaumiza wataalamu wenyewe. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kuwa tafiti nyingi za saikolojia zimetegemea watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo. Kijana wa chuo Marekani si mfano wa binadamu wote.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia majaribio 100 ya saikolojia yaliyokwisha kuchapishwa. Ripoti za mwanzo karibu zote, asilimia 97, zilidai kupata matokeo ya uhakika. Yaliporudiwa, ni asilimia 36 tu yaliyotoa matokeo hayo.

Hata hesabu ya seli ilikosewa. Kwa miaka mingi vitabu vilisema ubongo una seli za neva bilioni 100. Mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake walitafuta njia mpya ya kuzihesabu, na mwaka 2009 wakatoa hesabu ya karibu bilioni 86.

Usione hilo ni aibu ya sayansi. Anayekubali kusahihishwa ndiye wa kuaminiwa. Muuzaji wa gulioni hajawahi kurudi kusema alikosea.

Vipi kuhusu ile dawa?

Katika vitabu tulivyovitaja hakuna dawa ya chupa ya kumfanya mtoto mwenye afya akumbuke masomo. Kinachojulikana ni kwamba upungufu fulani hudhuru akili: ukosefu wa madini joto kwa mama mjamzito na mtoto, na upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini chuma. Tiba ya hayo haiuzwi kwa siri. Tumia chumvi yenye madini joto, mpe mtoto mboga za majani, maharage, dagaa au nyama inapopatikana, na mpeleke kupimwa ukiona amedhoofika. Vilevile mtoto asiyeona ubao au asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu kumbe tatizo ni macho au masikio.

Mtu akikutajia "vitabu vya wataalamu", muulize maswali manne: Kitabu kinaitwaje? Nani kakiandika, na alifanya utafiti gani? Walipimwa watu wangapi, wa wapi? Wengine wamerudia na kupata matokeo yaleyale? Akishindwa kujibu hata la kwanza, pesa yako ibaki mfukoni.

Na usiku wa leo, kabla taa haijazimwa, mwambie mtoto afunike daftari akusimulie alichosoma. Huhitaji kujua somo lenyewe, wala kuwa umesoma sana. Msikilize tu, na akikwama mwache afungue aangalie, kisha afunike tena. Kesho kutwa mrudishe palepale. Halafu mwache alale.