Vioo vya Maadi na lawama za Ivanpah

Mitambo ya joto la jua hufua umeme kwa vioo vinavyoelekeza miale mahali pamoja. Joto hilo huchemsha maji, na mvuke wake huendesha mashine. Januari 2025 kampuni ya PG&E ya California ilitangaza makubaliano ya kuvunja mikataba ya kununua umeme wa Ivanpah, mtambo wa dola bilioni 2.2 uliozinduliwa mwaka 2014 katika jangwa la Mojave. Lawama zilikuwa mbili: ni ghali na hautegemeki. Lawama hizo zina umri wa zaidi ya karne.

Mfaransa Augustin Mouchot alionyesha mashine yake ya jua mjini Paris mwaka 1878, lakini makaa ya mawe yaliposhuka bei serikali yake ikaacha kumfadhili. Baada yake alikuja Frank Shuman, mvumbuzi wa Philadelphia aliyetajirika kwa kutengeneza vioo vyenye wavu wa waya ndani. Shuman aliichagua Misri kwa hesabu ya kibiashara: jua lilikuwa tele, mashamba ya pamba yalihitaji maji ya Nile, na makaa yaliagizwa kwa meli kutoka Uingereza kwa bei kubwa.

Mtambo wake wa Maadi, kusini mwa Cairo, haukujengwa kama alivyouchora. Shuman alikuwa na masanduku bapa yaliyofunikwa kwa kioo. Wenye mitaji wa London walitaka wataalamu wao waukague mchoro huo, na mwanafizikia C. V. Boys akashauri vioo vilivyopinda mithili ya mfereji, bomba la maji likipita katikati. Mwishowe ikajengwa mifereji mitano, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 62 hivi, ikigeuka yenyewe kulifuata jua.

Majaribio ya kwanza yaliharibika kwa sababu ndogo. Maboila yalikuwa ya zinki, na joto la vioo likayalegeza hadi yakapinda. Ilibidi yang'olewe na kuwekwa ya chuma. Mwaka 1913 mtambo ulifanya kazi mbele ya wageni, ukatoa zaidi ya nguvu za farasi 50 na kusukuma zaidi ya lita 20,000 za maji kwa dakika. Mhandisi A. S. E. Ackermann aliupima na kuchapisha matokeo yake mwaka 1915. Lord Kitchener, mwakilishi wa Uingereza nchini Misri, alivutiwa akataka mwingine Sudan, na Bunge la Ujerumani nalo likatenga fedha.

Vita vya 1914 vilikatiza yote. Mafundi wa kigeni walirudi makwao, vyuma vya Maadi vikachukuliwa kuwa chakavu, na Shuman akafariki mwaka 1918. Mafuta ya petroli yaliyofuata yalikuwa nafuu mno kwa mtu yeyote kuhangaika na vioo. Inasikitisha kwamba mtambo mkubwa wa kwanza wa aina yake, uliojengwa katika ardhi ya Afrika, hutajwa kwa nadra hata katika mijadala ya nishati ya bara hili.

Mifereji ya Boys ilifufuliwa California kati ya 1984 na 1990, kampuni ya Luz ilipojenga mitambo tisa ya jumla ya megawati 354. Luz ilifilisika mwaka 1991, gesi ikiwa imeshuka bei na nafuu ya kodi ikisuasua, lakini mitambo yenyewe iliendelea kufua umeme kwa miongo mingi. Hapo ndipo lawama mbili zinapaswa kutenganishwa, kwani muundo uliozoeleka ulitegemeka huku mmiliki wake akianguka.

Muundo mwingine, wa minara mirefu ambayo vioo huelekeza miale kileleni mwake, umekuwa na matatizo zaidi. Crescent Dunes ya Nevada, iliyohifadhi joto kwa chumvi iliyoyeyushwa, ilisimama kwa miezi minane baada ya tangi kuvuja mwaka 2016. Ivanpah, nayo ya minara, haina hifadhi ya joto kabisa, hivyo huuza umeme saa zilezile paneli za sola zinapouza wake kwa bei ya chini. Kwa takwimu za IRENA, gharama ya uniti moja ya umeme wa joto la jua ilishuka kutoka takriban senti 39 za dola mwaka 2010 hadi senti 12 mwaka 2023. Ya paneli ilishuka kutoka senti 46 hadi senti 4.

Faida iliyobaki ni ya usiku. Ouarzazate nchini Morocco na Dubai zimejenga mifereji na minara yenye matangi ya chumvi ili umeme uendelee kutoka jua likishatua; mkataba wa Dubai ulikuwa wa senti 7.3 kwa uniti. Mwaka 2024 tangi la mnara wa Ouarzazate nalo lilivuja. Mitambo ijayo itapimwa kwa uimara wa matangi hayo, na kwa bei ya betri zinazofanya kazi hiyohiyo.