Eta de sieji: haki gani haziguswi Beni na Butembo?

Toka tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya eta de sieji. Gavana akawa mwanajeshi, na mameya wa Beni na Butembo wakatoka polisi. Wengi wakasema basi, Katiba imesimama. Haikusimama.

Katiba hii ilizaliwa na vita. Beni, Butembo na Lubero zilikuwa mkononi mwa RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, moja kati ya makundi yaliyotia sahihi mapatano ya Pretoria, tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 2002. Raia waliipigia Katiba kura mwezi wa 12 mwaka 2005, ikatangazwa tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006.

Kifungu cha 61 kinataja haki ambazo hata eta de sieji haiwezi kuondoa: uhai, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutohukumiwa kwa kosa lisiloandikwa katika sheria, kujitetea na kukata rufaa, uhuru wa mawazo na dini, na kutofungwa kwa sababu ya deni.

Hilo la deni linagusa sana Butembo, muji wa biashara. Ukishindwa kulipa mzigo ao likelemba, mdai anaweza kukushitaki akudai mali yake, lakini si kukutia kasho. Kuchukua pesa kwa udanganyifu ni kosa lingine, lenye kifungo, na ndiyo maana wadai wengine wanaandika malalamiko yao kwa jina hilo. Soma vizuri karatasi ya mashitaka.

Tena kifungu cha 156 kinaruhusu Rais kupeleka makosa fulani ya raia mbele ya korti ya kijeshi, ila rufaa inabaki. Wanaharakati wa Lucha waliokamatwa Beni mwezi wa 11 mwaka 2021 walihukumiwa na korti ya namna hiyo mwezi wa 4 mwaka 2022: kifungo cha mwaka mmoja. Haki ya kuandamana, kifungu cha 26, haimo katika orodha ya 61. Hapo ndipo raia wengi wanapokwama.

Ukikamatwa, kifungu cha 18 kinataka uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayosikia, Kiswahili ao Kinande. Na polisi wasikushike kupita saa 48 bila kukufikisha kwa wenye mamlaka ya sheria.