Kibofu, Saa na Mpira wa Mkojo

Haya wapenzi wa tarakilishi, leo naweka programu kando kidogo. Msiondoke lakini, maana historia hii inatuhusu.

Kwa kawaida kibofu kikijaa, neva hupeleka habari kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo. Uti ukiumia vibaya, laini imekatika. Mtu hahisi kwamba kimejaa. Mkojo ukikwama viini huzaana, na msukumo ukizidi figo huharibika. Ndiyo maana askari wengi walioumia uti katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliponea risasi, kisha wakafa kwa maambukizi ya mkojo na vidonda vya kulalia.

Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alianza kuongoza kituo cha majeruhi wa uti kule Stoke Mandeville, Uingereza. (Ndiye aliyeanzisha michezo iliyozaa Paralimpiki.) Yeye alitaka mpira wa mkojo uingizwe, kibofu kimwagwe, kisha utolewe, badala ya kuuacha ndani siku nzima. Ila kila kifaa kilitakaswa kabisa na kazi ilifanywa na daktari. Sasa mgonjwa akirudi nyumbani, daktari atampata wapi mara kadhaa kwa siku?

Jibu lilitoka Michigan, Marekani. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake walichapisha makala wakisema mgonjwa anaweza kujiwekea mpira mwenyewe, na ukiwa safi tu inatosha. Hoja yake: kibofu kikitanuka mno, damu haipiti vizuri kwenye kuta zake, na hapo viini hupata nguvu. Kukimwaga kwa wakati ni muhimu kuliko kuua kila kiini.

Sisi waandishi wa programu tunaijua mbinu hii. Kifaa kisipokuletea ishara, unapanga saa na kwenda kukikagua mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza Giles Brindley akaja na umeme: kifaa kinachopandikizwa mwilini na kuamshwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje. Tatizo, umeme ule ule uliobana kibofu ulibana pia msuli unaofunga njia. Ujanja ukawa kuwasha na kuzima. Msuli wa mlango hulegea upesi, kibofu hulegea polepole. Kila umeme ukizimwa, mlango hufunguka huku kibofu bado kinasukuma. Hapo pia dawa ilikuwa wakati!

Kifaa cha Brindley kinataka upasuaji mkubwa. Njia ya Lapides inataka mpira, maji, sabuni na saa, na hadi leo ndiyo wataalamu hupendekeza kwanza kwa anayeweza kutumia mikono yake.

Kengele ya kumkumbusha mtu naweza kuiandika jioni moja. Lakini ikilia ofisini, na mlango wa choo haupitishi kiti cha magurudumu, imemsaidia nini?