Ua la Kivulini katika Milima ya Uluguru

Asimamaye Msamvu na kuelekeza macho kusini huiona milima ya Uluguru imesimama kama ukuta. Huko juu, miambani penye ukungu, humea ua dogo la zambarau ambalo Wazungu waliliita Saintpaulia.

Habari zake vitabuni zaanzia Usambara. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua la namna hiyo. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliliandika Saintpaulia ionantha. Ndivyo lilivyopata jina la baba na mwana, wala si la nchi yake. Neno la pili ni la Kiyunani, yaani lenye maua kama ya urujuani. Nasi Waswahili rangi hiyo twaiita kwa tunda.

Ya Uluguru yalifuata. Walter Goetze alipita huko mwaka 1898, na mwaka 1900 Adolf Engler akatangaza mawili, goetzeana na pusilla. Siku hizi wataalamu wameyatia yote katika jamaa ya Streptocarpus.

Je, yaweza kupandwa nyumbani? Goetzeana hupenda baridi ya juu, na mji wa Morogoro uko kama mita 500 tu juu ya bahari. Aling'oaye mwambani akalishusha Msamvu aleta maiti nyumbani. Afadhali yale ya vyunguni, wazao wa Usambara, waliozunguka Ulaya na Marekani hata wakarudi kwetu. Yatakiwa chungu kidogo chenye tundu chini, udongo mwepesi uliochanganywa na majani yaliyooza, na baraza isiyopigwa na jua la mchana. Maji ya baridi yakiangukia majani yenye vinyweleo huacha mabaka. Basi na unyweshwe udongo, tena kwa kiasi. Sisi tuliwahi kuua chungu kizima kwa huruma, tukikinywesha asubuhi na jioni, hata mizizi ikaoza. Atakaye miche na achukue jani moja la chunguni pamoja na kikonyo chake, alichomeke katika udongo wenye unyevu. Miche hutokea shinani pake.

Walimu wawapandishao watoto mlimani na wawaonyeshe ua hili pale pale lilipo. Kivuli chake ni msitu ule ule uulishao mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Miti ikiangushwa, jua hupiga mwamba, na ua hufa pasipo mkono wa mtu kuligusa.