Kutoka Kokugo hadi Nihongo: Historia ya Ufundishaji wa Kijapani Nje ya Japani na Swali la Umiliki wa Lugha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ufundishaji wa Kijapani nje ya Japani kuanzia mwaka 1895 hadi sasa. Yanafuatilia maneno mawili ambayo Wajapani huyatumia kuitaja lugha yao, kokugo na nihongo, na kuonesha kuwa tofauti iliyopo baina yake imebeba historia nzima ya mahusiano ya Japani na majirani zake. Yanajadili kwanza ufundishaji wa kulazimishwa katika makoloni ya Taiwan na Korea, kisha kipindi cha ukimya baada ya mwaka 1945, na hatimaye mfumo wa misaada kwa shule za ng'ambo ulioanzishwa mwaka 1972. Hoja ya msingi ni kwamba kipimo cha lugha inayotolewa kwa hiari ni uwezo wa mpokeaji kuiacha, wala si idadi ya wanaojifunza. Mwishoni, makala yanaihusisha hoja hiyo na juhudi za kukieneza Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtoto anayesoma katika shule ya msingi ya Osaka na kijana anayesoma katika shule ya sekondari ya Bandung wanaweza kufundishwa sarufi ileile na herufi zilezile. Hata hivyo, mwalimu wa Kijapani huyaita masomo yao kwa majina mawili tofauti. La kwanza huitwa kokugo, yaani 'lugha ya taifa'. La pili huitwa nihongo, yaani 'lugha ya Japani'. Kokugo husomwa na mwenyeji anayehesabiwa kuwa tayari ni mwenye lugha, ilhali nihongo hujifunzwa na mgeni.

Kwa mtazamo wa haraka, tofauti hiyo inafanana na ile iliyopo kati ya somo la Kiswahili katika shule za Tanzania na kozi za Kiswahili kwa wageni. Lakini katika historia ya Japani mpaka kati ya maneno hayo mawili haukuwa thabiti. Kwa nusu karne mamilioni ya watu wasio Wajapani walifundishwa Kijapani kwa jina la kokugo. Waliambiwa kuwa lugha hiyo ni yao, huku lugha za mama zao zikisukumwa pembeni. Bila kuielewa nusu karne hiyo, ni vigumu kueleza kwa nini misaada ya sasa ya ufundishaji wa Kijapani imechukua sura iliyo nayo.

2.0 Kokugo na Himaya, 1895–1945

Dhana ya kokugo ilipata nguvu za kitaaluma kupitia Ueda Kazutoshi, mwanaisimu aliyerejea kutoka masomoni Ujerumani mwaka 1894. Oktoba ya mwaka huo, wakati Japani ikiwa vitani na China, Ueda alitoa mhadhara kuhusu lugha ya taifa na dola, akaifananisha lugha na damu ya kiroho inayowaunganisha wananchi. Lee Yeounsuk, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu itikadi ya kokugo, ameonesha kwamba wazo hilo lilijengwa kabla Kijapani chenyewe hakijasanifiwa. Kwa maneno mengine, lugha ya taifa ilitangazwa kwanza, kisha ikatafutwa.

Miezi michache baada ya mhadhara huo, mkataba wa Shimonoseki wa Aprili 1895 uliikabidhi Taiwan kwa Japani. Izawa Shuji, mtaalamu wa elimu, alifungua darasa la Kijapani katika hekalu la kilima cha Shizangan, karibu na Taipei, katika mwaka huohuo. Tarehe 1 Januari 1896 walimu sita wa shule hiyo waliuawa na wapiganaji waliopinga utawala mpya. Serikali ya kikoloni iliwageuza walimu hao kuwa mashahidi wa elimu. Kwa waliowaua, mwalimu wa lugha na askari walikuwa wamefika kwa meli moja. Ufundishaji wa Kijapani ng'ambo ulianza, basi, na makaburi.

Kimbinu, Taiwan iligeuka kuwa maabara. Walimu waliokuwa wakitegemea tafsiri walianza kutumia mbinu ya Mfaransa François Gouin, inayofundisha lugha kwa mfululizo wa vitendo. Yamaguchi Kiichiro, aliyefanya kazi Taiwan, Korea na baadaye China, aliiendeleza hadi ikawa mbinu ya moja kwa moja, ambamo Kijapani hufundishwa kwa Kijapani pekee. Ni muhimu kutambua kwamba mbinu hiyo ilikuwa na sura mbili. Darasani ilikuwa maendeleo ya kweli ya ualimu, lakini kisiasa ilihalalisha kunyamazishwa kwa lugha ya mwanafunzi.

Nchini Korea, iliyotwaliwa mwaka 1910, hali ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu Wakorea walikuwa na mwandiko wao na mjadala wao wenyewe kuhusu usanifishaji. Sheria ya elimu ya mwaka 1938 ilikifanya Kikorea kuwa somo la hiari, na baada ya muda mfupi likatoweka katika shule nyingi. Oktoba 1942 polisi walianza kuwakamata wanachama wa Chama cha Lugha ya Kikorea waliokuwa wakiandaa kamusi kubwa ya lugha yao. Wawili kati yao walifia gerezani. Mswada wa kamusi, uliochukuliwa kama ushahidi, ulipatikana Septemba 1945 katika ghala la stesheni ya reli ya Seoul. Juzuu la kwanza lilichapishwa mwaka 1947 na la mwisho mwaka 1957. Kwa mwanaleksikografia yeyote, mswada huo uliotelekezwa ghalani unatosha kuonesha gharama ya kokugo.

Kusini Mashariki mwa Asia, iliyovamiwa kuanzia Desemba 1941, Kijapani kilifundishwa zaidi kwa jina la nippongo, matamshi mengine ya nihongo. Watu wa huko hawakuhesabiwa kuwa raia wa himaya kwa kiwango cha Wakorea na Wataiwani. Uteuzi wa istilahi ulifuata daraja za utawala.

3.0 Ukimya na Mabaki, 1945–1972

Kushindwa kwa Japani mwezi Agosti 1945 kulivunja mfumo huo kwa ghafla. Hata hivyo, lugha haiondoki na bendera. Miongoni mwa wenyeji asilia wa Taiwan, ambao lugha zao zilitofautiana sana, wazee waliendelea kwa miongo mingi kutumia Kijapani kama lugha ya mawasiliano mapana. Katika kaunti ya Yilan, kukutana kwa Kijapani na lugha ya Kiatayali kulizaa krioli ambayo wanaisimu Chien Yuehchen na Sanada Shinji wameieleza kwa kina. Wasemaji wake waliichukua lugha ya mtawala wakaitumia kwa mahitaji yao, bila kumwomba mtu ruhusa wala kufuata sarufi ya shuleni. Msomaji anayekifahamu Kiswahili cha Lubumbashi ataona ujamaa fulani, ingawa historia za mahali hapo pawili si moja.

Nchini Korea Kusini, kinyume chake, Kijapani kiliondolewa katika elimu. Idara ya kwanza ya chuo kikuu ilifunguliwa mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Lugha za Kigeni, na somo likaingia shule za sekondari kama lugha ya pili ya kigeni mwaka 1973. Lugha iliyowahi kuitwa 'ya taifa' ilirudi ikiwa lugha ya kigeni. Marudio hayo yalihitaji mabadiliko ya jina kwanza.

4.0 Kuanzishwa kwa Misaada Rasmi

Mwaka 1971 Marekani ilitangaza mpango wa Rais Nixon kuzuru China bila kuipa Japani taarifa ya kutosha. Tukio hilo liliwashtua viongozi wa Tokyo, waliotambua kwamba uchumi wenye nguvu haukuwa umewapatia kueleweka. Waziri wa Mambo ya Nje, Fukuda Takeo, alipendekeza taasisi ya kubadilishana utamaduni, na Oktoba 1972 Japan Foundation ikaanzishwa.

Mshtuko wa pili ulitoka Asia yenyewe. Waziri Mkuu Tanaka Kakuei alipotembelea Bangkok na Jakarta mwezi Januari 1974 alilakiwa na maandamano, na mjini Jakarta ghasia zilisababisha vifo. Waandamanaji waliona bidhaa na makampuni ya Japani kama uvamizi mpya. Fukuda, akiwa sasa Waziri Mkuu, alitamka mjini Manila mwaka 1977 kwamba Japani haitakuwa dola ya kijeshi na kwamba itajenga uhusiano wa moyo kwa moyo na nchi za eneo hilo. Msaada wa lugha na utamaduni ulipata hapo uhalali wake wa kisiasa: ulikuwa sehemu ya jibu kwa watu waliokuwa na sababu ya kushuku.

Vyombo vya msaada huo vilijengwa hatua kwa hatua. Mtihani wa Umilisi wa Kijapani ulianza mwaka 1984, ukiwa na watahiniwa takriban 7,000 katika nchi 15. Mwaka 1989 ilifunguliwa taasisi ya Urawa inayowapokea walimu wa kigeni kwa mafunzo, na mwaka 1997 ikafuata ya Kansai. Mwaka 2010 ulitolewa mwongozo wa viwango uliochota fikra kutoka Mfumo wa Pamoja wa Marejeleo wa Ulaya, ukipima mambo ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya kwa lugha badala ya kanuni anazozikumbuka.

Idadi ya wanafunzi walio katika taasisi za ng'ambo ilipanda kutoka takriban 127,000 mwaka 1979 hadi 3,851,774 katika nchi na maeneo 142 mwaka 2018. Uamuzi wenye uzito zaidi katika ujenzi huo ni ule wa Urawa. Badala ya kutegemea wageni wanaotumwa na kuondoka, rasilimali zilielekezwa kwa mwalimu mwenyeji, anayejua mahali mwanafunzi wake anapokwama. Ni kinyume cha Shizangan.

5.0 Shule, Sherehe na Haki ya Kuacha

Shuleni ndiko msaada huu unakoonekana kwa macho. Pamoja na vitabu na ruzuku, huandaliwa mashindano ya hotuba, siku za utamaduni, maandishi ya brashi, kukunja karatasi na kuvaa yukata. Mwaka 2014 ulianza mpango wa NIHONGO Partners, unaowatuma Wajapani katika shule za sekondari za Kusini Mashariki mwa Asia. Hawalazimiki kuwa walimu wa lugha. Kazi yao ni kumsaidia mwalimu mwenyeji na kuyatambulisha maisha ya Kijapani.

Shughuli hizo zina manufaa yasiyopingika. Kijana anayesimama jukwaani kuhutubia kwa Kijapani huitumia lugha kusema jambo lake mwenyewe. Hata hivyo, utamaduni wa sherehe una hatari ya kuwa Japani isiyo na karne ya ishirini: karatasi na chai bila Seoul ya mwaka 1942. Mwanafunzi wa Kiindonesia ambaye jamaa zake waliishi chini ya uvamizi anastahili mtaala unaoweza kubeba mambo yote mawili.

Ushahidi wa tofauti kati ya enzi hizi mbili unapatikana mahali pasipotarajiwa, yaani pale takwimu zinaposhuka. Korea Kusini ilipobadili mtaala na kuziondolea lugha za pili za kigeni ulazima, wanafunzi wa Kijapani walipungua kutoka zaidi ya 960,000 mwaka 2009 hadi takriban 556,000 mwaka 2015. Nchini Indonesia mtaala wa mwaka 2013 ulichangia kupunguza idadi kutoka zaidi ya 870,000 mwaka 2012 hadi takriban 709,000 mwaka 2018. Australia inatoa mfano wa pande zote mbili. Kijapani kiliingia huko mwaka 1917 kwa sababu za kiulinzi, James Murdoch alipoajiriwa kukifundisha Sydney na katika chuo cha kijeshi cha Duntroon. Kilistawi baada ya sera ya taifa ya lugha ya mwaka 1987 na mpango wa lugha za Asia uliogharimiwa na serikali hadi mwaka 2002, kisha kikapoteza ufadhili huo kwa uamuzi wa Waaustralia wenyewe.

Kwa mfadhili, upungufu huo ni hasara. Kwa mwanahistoria, ni dalili ya uhuru. Mkorea wa mwaka 1940 hakuweza kukiacha Kijapani. Mkorea wa mwaka 2011 aliweza, na hakuna polisi aliyegonga mlango wake.

6.0 Mazingatio kwa Kiswahili

Kiswahili na Kijapani vimekuwa vikibadilishana wageni kwa muda. Kiswahili hufundishwa Osaka, na kamusi ya Kiswahili–Kijapani ya Wazaki Yoichi ilichapishwa mwaka 1980. Lakini uhusiano wenye maana zaidi kwa mjadala huu ni wa kihistoria. Kiswahili nacho kina majina mawili: lugha ya taifa na lugha kwa wageni. Nacho kimewahi kufika mahali kikiwa mkononi mwa askari. Nchini Uganda, ambako Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kumbukumbu ya jeshi ilibaki kikwazo kwa miongo kadhaa.

Leo Kiswahili kinaenezwa kwa njia nyingine. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, Afrika Kusini ikaidhinisha mwaka 2018 kiwe somo la hiari shuleni, na mwaka 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Furaha ya mafanikio hayo haipaswi kuziba masikio. Tajriba ya Kijapani inaelekeza kwenye mambo matatu: mwalimu mwenyeji atangulizwe kuliko mwalimu anayetumwa, siku ya utamaduni isichukue nafasi ya historia, na jirani anayesita asichukuliwe kuwa msaliti wa Uafrika.

7.0 Hitimisho

Safari kutoka kokugo hadi nihongo ilichukua zaidi ya nusu karne, na kwa baadhi ya watu haijakamilika. Makala haya yameonesha kuwa mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa katika mbinu, kwani mbinu ya moja kwa moja ilivuka enzi zote mbili, bali katika mahali uamuzi unapokaa. Taasisi ya Urawa na mtaala wa Jakarta vina thamani kwa sababu kila upande unaweza kusema hapana. Lugha ambayo mwanafunzi hana ruhusa ya kuiacha haikutolewa, iliwekwa. Mataifa yanayokitangaza Kiswahili nje ya mipaka yao yana nafasi ya kulizingatia hilo mapema, kabla takwimu hazijawa kipimo pekee cha ushindi.